Nimefeli kemia mara mbili na nina miaka 33, mtu anajiaminije hapa?

MamaKikaango:
Habari zenu wapendwa, naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linanikosesha usingizi.

Niko Tanga mjini, nakaanga samaki na dagaa pale Deep Sea. Shule niliacha 2008 nikiwa kidato cha pili, kabla hata ya mtihani, kwa sababu ya ujauzito, na kipindi kile ukishika mimba ndo basi tena, ule waraka wa kuruhusu wasichana warudi shuleni umekuja 2021 mwanangu ana miaka 12. Toka nikiwa mdogo nataka kuwa nesi. 2021 nikajiandikisha QT, ule mtihani wa kukuruhusu kufanya kidato cha nne ukiwa nje ya shule, nikapita, nililia siku ile jamani. 2023 nikakaa mtihani wa kidato cha nne kama praiveti, Kiswahili B, baiolojia C, siviksi C, fizikia D, kemia F. 2024 nikareseti kemia peke yake, matokeo yametoka Januari, F tena. Na diploma ya uuguzi bila D ya kemia huingii.

Sasa kemia ni nusu tu ya tatizo. Mwanzo nilikua najiambia nitaweza na moyo unakubali, siku hizi nikijiambia nitaweza naona najidanganya mwenyewe. Mama mkubwa ananiambia kwa upendo kabisa, mwanangu riziki yako iko kwenye kikaango, shukuru. Pale sokoni nikipita wananiita nesi, nesi njoo unichome sindano, wanacheka. Binti yangu yuko kidato cha tatu na kitabu cha kemia ndani ni kimoja, akikishika yeye mimi naona haya kukiomba.

Swali langu ni hili, mtu anajiaminije kwenye kitu cha miaka na miaka wakati kila mwaka anachoona ni F? Naomba ukweli, msinibembeleze.

KijanaWaMakorora:
Pole sana dada, binafsi kupita QT tu huku unakaanga samaki kutwa nzima mimi nakuvulia kofia. Hao wanaokuita nesi ipo siku watakuita hivyo wamekaa kwenye benchi na kadi mkononi.

Mwl_wa_Jioni:
Dada yangu mimi nafundisha madarasa ya jioni, watu wazima kama wewe nimekaa nao miaka mingi, ngoja nikuulize kitu ambacho naona hujakiandika. F yako ni ya ngapi? Maana F ni kuanzia 0 mpaka 29, D inaanza 30 mpaka 44. Aliyepata 4 na aliyepata 28 wote wameandikiwa herufi ile ile, lakini wa kwanza ana safari ndefu na wa pili anadaiwa maksi 2. Matokeo hayakuonyeshi hilo na ndo maana yanakuvunja moyo, yamekuficha ulipo. Kwahiyo usikae kujiuliza kama unajiamini, chukua pepa ya nyuma, weka saa mbele, ifanye bila kuchungulia, mpe mtu asahihishe kwa ukali. Andika namba na tarehe kwenye daftari. Kila baada ya wiki mbili tatu rudia na pepa nyingine. Ukishakua na namba nne tano zimepangana hutahitaji mtu akwambie unaweza au huwezi.

La pili, na hili nalisema kwa uchungu maana naliona kila mwaka, wanafunzi wangu wengi kemia wanaijua ila wanaijua kwa Kiswahili. Msingi umesoma Kiswahili, sekondari Kiingereza, katikati umekaa miaka 13 hujakigusa, alafu pepa inakuuliza eleza, linganisha, toa sababu, yote kwa Kiingereza na wewe unaruka swali ambalo ukiulizwa kwa mdomo ungelijibu vizuri tu. Hebu angalia ni maswali mangapi uliyaacha kwa kutokujua na mangapi kwa kutokuelewa limeulizwa nini. Hayo mawili dawa yake tofauti kabisa. Na Tanga hapo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo, nenda kaulize utaratibu wao, kusoma peke yako usiku bila wa kumuuliza ni kujitesa.

Na hilo la binti, mwombe akufundishe. Atakayefaidika zaidi ni yeye, anayemfundisha mwenzie hasahau.

Rudi_Nyuma:
Mi nitasema tofauti, mnisamehe. Nilijiamini miaka 6 kwenye jambo langu, nikauza kiwanja, nikakopa kwa ndugu, kila mtu ananiambia usikate tamaa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kaa chini upige hesabu. Dada kama umeomba ukweli, jiwekee mpaka. Sema najaribu mara mbili nyingine, gharama yangu ni kiasi hiki, mtaji wa samaki siugusi na ada ya mtoto siigusi. Ukishaweka huo mpaka utasoma kwa amani, mimi nilikosa hiyo amani.

Fundi_Tezo:
Mwanangu salaam. Mimi ni fundi wa vyombo huku Bagamoyo, tezo nimeishika toka sijaota ndevu. Nikwambie la kazini kwangu. Siku ya kulaza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, watu wanajaa, dua inasomwa, ubani unafukizwa, kila mtu anaamini jahazi litakua. Alafu mwenye chombo hela inamkatikia. Chombo kinabaki mifupa mitupu pale ufukweni mwaka mzima, pengine miwili, watoto wanapanda mataruma, zile mbavu zake, wanacheza na wapita njia wanasema kile kimekufa. Mimi siku hizo zote jahazi zima silifikirii kabisa, nikilifikiria nachoka. Natafuta taruma moja, mti uliopinda wenyewe kama ule ubavu unavyotaka, nikiupata nauchonga, nauweka mahali pake naenda zangu nyumbani kulala.

Na siku ya kukishua, hata ukalafati vipi, yani kuziba nyufa, mbao ni kavu, maji yanaingia. Asiyejua anapiga kelele kinazama. Sisi tunakumba maji tunasubiri, mbao ikishakunywa inatanuka inaziba yenyewe, na panapoendelea kuvuja tunapaka alama tunarudia pale pale tu. Sijawahi kuona fundi anavunja chombo kwa kuvuja sehemu moja. Wewe masomo manne yanaelea mwanangu.

BahariaWaSahare:
Dada sisi ndo tunakuletea hao dagaa. Mbona hupangi masomo kwa mwezi? Kwenye kiza tunatoka na taa kila usiku, mzigo unakua mwingi, wewe huna hata muda wa kukaa, ukisoma siku hizo unasoma umechoka alafu unajilaumu huna akili. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaji kwenye taa, tunakaa nchi kavu siku kadhaa tunashona nyavu. Hizo ndo siku zako za pepa nzima nzima. Kiza kikiingia we pitia kidogo tu kisha lala. Mimi nimejenga chumba na sebule kwa kufuata hesabu hiyo hiyo, kiza natafuta, mbalamwezi nafyatua tofali.

MamaKikaango:
Nimewasoma wote jamani hadi nimetokwa na machozi, baba yangu Fundi shikamoo na asante sana. Kaka Rudi_Nyuma nimekuelewa, nimeandika mpaka wangu, ni mara mbili na hela itatoka kwenye kibubu cha pembeni, mtaji siugusi.

Mwalimu, jana usiku nimefanya pepa ya 2019, masaa matatu kamili, binti yangu kaishika saa na kanisahihisha yeye bila huruma, nimepata 26. Nikaenda kufukua daftari la 2023 kuna pepa nilijipima kabla ya mtihani wa kwanza, ilikua 11. Sikuwahi kuziweka pamoja hizo namba. Na kweli kuna maswali mawili niliyaacha, binti aliponisomea kwa Kiswahili nikayajibu yote, akanitazama akasema mama kumbe unajua.

Leo kiza kimeanza, vyombo vinatoka usiku huu. Pepa ya pili nimeipangia mbalamwezi, binti kasema kitabu kitakaa mezani, sio kwenye begi lake tena. Nitakuja kuwaandikia namba.