Vita ikirefuka, chombo cha umma kiendelee kusema kwa sauti moja?

Muulizaji, Dodoma Mjini
Ndugu zangu, nawasalimu. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, vituo vikubwa vya televisheni vya Ukraine vimekuwa vikirusha matangazo ya pamoja, yakigharimiwa kwa sehemu na serikali. Aprili mwaka huo vituo vitatu vinavyohusishwa na upinzani viliondolewa katika masafa ya dijitali. Kura za maoni zilizofanyika huko zilionyesha imani ya wananchi kwa matangazo hayo ikishuka kutoka asilimia 69 Mei 2022 hadi 36 Februari 2024. Je, mlipakodi ambaye mwanawe yuko vitani ana haki ya kudai aambiwe hata habari mbaya?

Mzee wa Kongwa
Mwanangu, tusiwacheke. Wakati wa Vita vya Kagera tulitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam, na betri zikififia tulizianika juani ili taarifa ya habari ya usiku isitupite. Mwalimu aliposema Novemba 1978 kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, nani alitaka kusikia upande wa pili? Mimi sikutaka, na hata leo sioni aibu. Ila Kampala ilianguka Aprili 1979. Wenzetu hawa wamelishwa sauti hiyo moja miaka nenda, miaka rudi.

Mwanafunzi, Dodoma
Shikamoo mzee. Muda ni kweli, lakini naona la msingi zaidi ni nani anayeshika mfuko. Wakati wa mgogoro wa Suez mwaka 1956, Uingereza ilipoishambulia Misri, serikali ya Waziri Mkuu Eden ilighadhibika BBC ilipompa Gaitskell, kiongozi wa upinzani, nafasi ya kujibu hotuba ya waziri mkuu, na bado Gaitskell alisikika. Ada ya leseni inayoiendesha BBC, inayolipwa na kaya zinazotazama televisheni, haikatwi kwa hasira ya siku moja. Siri za kijeshi zilindwe, kwa kuwa hakuna mzazi anayetaka kikosi cha mwanawe kitajwe kilipo. Kinachoudhi ni kufichwa jambo ambalo adui analijua tayari.

Muulizaji
Marahaba kwa niaba ya mzee, maana naona amekwenda kulala. Suspilne, shirika la utangazaji wa umma la Ukraine, liliiondoa chaneli yake kuu katika matangazo hayo Mei 2024, nami naliunga mkono, kwa sababu watazamaji waliochoka walikuwa wamekwisha kuhamia mtandao wa Telegram, ambako chaneli nyingi hazijulikani hata mwenyewe ni nani.