MJADALA: Ultrasaundi ya ubongo iachiwe wagonjwa sasa, au ibaki kwanza kwenye maabara za vyuo vikuu?

Mwanzisha mada

Wakuu, naweka hoja mezani. Vyuo vikuu vinatangaza kwa mbwembwe kwamba ultrasaundi, yaani mawimbi ya sauti kali mno kwa sikio, yatatibu ubongo bila kupasua fuvu: kutetemeka, sonona, maumivu sugu, upotevu wa kumbukumbu. Wapo wanaodai milango ifunguliwe, asiye na tiba nyingine ajaribu, na vifaa viuzwe kwa matumizi ya nyumbani. Napinga. Jina hilo moja linabeba mambo matatu, na sifa ya la kwanza inakopeshwa kwa mengine mawili.

La kwanza ni kuunguza. Kofia yenye vyanzo 1,024 vya mawimbi hukusanya nishati kwenye kidoa kidogo ndani ya thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, seli za hapo zinakufa kwa joto, mkono uliokuwa ukitetemeka unatulia. Hili limepimwa. Jaribio lililochapishwa 2016, likiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Virginia, lilikuwa na wagonjwa 76 wa kutetemeka, na baadhi yao waliingizwa kwenye mashine bila kuunguzwa, wasijue wako kundi gani. Baada ya miezi mitatu, mtetemeko wa mkono ulipungua kwa asilimia 47 kwa waliotibiwa. Kwa wenzao haukubadilika. Madhara yalikuwepo: asilimia 36 walipata shida ya mwendo, na mwaka mmoja baadaye asilimia 9 bado walikuwa nayo. Mgonjwa anapewa tarakimu hizo, anaamua mwenyewe. Sina ugomvi hapo.

La pili ni kufungua kwa muda kizuizi kati ya damu na ubongo, kwa viputo vidogo vinavyotikiswa na mawimbi ndani ya mishipa, ili dawa ipenye. Kullervo Hynynen na wenzake walilionyesha kwa sungura mwaka 2001. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliripoti kwamba kwa wagonjwa wa Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wao, ilipungua zaidi pale kizuizi kilipofunguliwa. Wagonjwa walikuwa watatu. Watatu tu, ndugu zangu.

La tatu, kuamsha au kutuliza neva bila kuziunguza, ndilo linalopigiwa debe zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wa Caltech (taasisi ya teknolojia ya California), kila kundi kivyake, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya kile kilichodhaniwa ni neva kuamshwa moja kwa moja ilikuwa mnyama kusikia. Mawimbi yenyewe hayasikiki, lakini yakiwashwa na kuzimwa kwa vipigo, fuvu hutikisika na sikio hulipata hilo. Walipoharibu usikivu, mwitikio ukapungua sana au ukatoweka. Sasa jiulize kuhusu mtu anayelala kwenye mashine inayolia "tii, tii", ameambiwa atapona.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umesimulia hadi 2018 ukafunga kitabu. Mwaka uliofuata Stanford walitumia panya viziwi kwa vinasaba, na bado misuli ilijibu. Mwaka 2022 Caltech haohao walionyesha seli za neva kwenye sahani ya maabara zikiamshwa kupitia milango ya seli inayopitisha kalisi. Sahani haina masikio.

Mwanzisha mada

Nazikubali kazi hizo zote mbili. Zinaonyesha mawimbi yanagusa seli. Hazionyeshi kwamba mwenye sonona atapata nafuu, na tangazo la chuo linaruka kutoka hapa hadi pale kwa sentensi moja.

Mchangiaji wa pili

Mnabishana kuhusu panya na sahani. Mimi nauguza. UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) mwaka 2016 waliripoti kijana wa miaka 25 aliyekuwa akizinduka kutoka kwenye koma. Wakampiga mawimbi kwenye thalamasi, siku chache akawa anaelewa na kujibu kwa kichwa. Ninyi mnaniambia nisubiri nini?

Mwanzisha mada

Pole sana kwa kuuguza, ndugu yangu. Watafiti wale wenyewe walisema huenda alikuwa tayari anazinduka, wakabahatisha siku. Bila kundi la kulinganisha hakuna wa kukutolea jibu, si mimi, si wao. Sitaki usubiri ukiwa nje. Nataka mgonjwa wako aingie kwenye jaribio lililosajiliwa, si kwa muuza kofia.

Mchangiaji wa tatu (fundi wa vifaa tiba)

Kwenye vifaa vya nyumbani mimi sina hata cha kujadili. Fuvu la mtu si bapa la kioo. Unene na mkunjo wake hutofautiana, na mfupa huyapinda mawimbi na kuyanyonya. Bila picha ya kichwa cha huyo mtu na hesabu juu yake, hujui nishati imetua wapi wala kiasi gani. Maabara kubwa zinahangaika na hili kwa mashine za MRI zinazopiga picha za ndani ya kichwa, halafu mtu ajivalie kitandani?

Ila mwanzisha mada umeacha jambo: wahandisi wengi wa vyuo hivi wana hataza na hisa kwenye kampuni zinazotokana na utafiti wao. Hayo yatajwe kwenye tangazo, si kwenye herufi ndogo mwisho wa makala.

Mwanzisha mada

Naunga mkono bila kuongeza neno.

Mchangiaji wa pili

Bado sijajibiwa. Mgonjwa wangu akiangukia kundi la kudanganywa, lisilopewa tiba, jaribio likaisha na tiba ikaonekana inafaa, anarudishwa nyumbani hivihivi?

Mwanzisha mada

Hapana. Kwenye lile jaribio la 2016, kundi hilo liliruhusiwa kupata tiba halisi baada ya miezi mitatu. Kabla hajasaini fomu ya ridhaa, waulize kama sharti hilo limo. Kama halimo, usimpeleke.