Wanyama wanaosema, barafu na kabati: tuliosoma Narnia utotoni, tupeane uzoefu

Binti_Mvita:
Assalam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Kijana wangu wa darasa la tano ameazima The Lion, the Witch and the Wardrobe kwa mwenzake, kile kitabu cha C. S. Lewis cha watoto wanne waingiao nchi ya Narnia kwa kupitia kabati, na tangu hapo hali akashiba wala halali akatosheka. Jana usiku wa manane aniamsha: "Mama, simba yuafufuka ama ndiyo basi?" Nikamwambia lala, utasoma kesho. Yeye akalala, mimi usingizi ukanipaa. Nikabaki na ule ukurasa wa Meza ya Jiwe, watu wa Mchawi wanavyomnyoa Aslan, simba mwenyewe, manyoya yake na kumfunga kamba naye katulia tu, na nguvu anazo. Nilipousoma mara ya kwanza nilikuwa barazani, mamangu akatoka mbio akidhani nimepigwa na watoto wa jirani.
Wenzangu, nyinyi kiliwafanyani? Na vile vingine sita, aanze na kipi?

Kipanga_Tudor:
Mimi simba sikumlilia. Niliwalilia wale panya. Waja kumtafuna kamba na ameshakufa, wenyewe hawajui, wadhani wakimfungua atapata nafuu.

Shangazi_Ganjoni:
Panya. Hapo hapo.

Mchangamwe:
Mimi shida yangu ilikuwa theluji. Mchawi ameigandisha nchi miaka mia, baridi tupu wala Krismasi haifiki, na mimi nasoma hayo Changamwe mwezi wa pili, chini ya mabati, jasho ladondokea kurasa. Barafu niliyoijua ni ya friza. Basi nikaenda dukani kwa jirani auzaye samaki, nikakwangua ile nyeupe ya ukutani nikajipaka usoni nijue Lucy, yule mdogo wa wale wanne, alisikia vipi. Tangu siku hiyo Narnia kwangu yanuka samaki changu.

Mpenda_Halua:
Mwataja panya na barafu, na jambo lenyewe mwalipita? Edmund, kakake Lucy, kawauza ndugu zake kwa Turkish Delight! Sisi nyumbani tuliambiwa ni halua. Nikamwelewa kijana wa watu. Halua ikiwa ya moto, na una ndugu watatu wanaokuonea, mtu waweza kufikiria.

Kipanga_Tudor:
Si halua hiyo. Ile ni wanga, sukari na maji ya waridi, yakatwa vipande vya pembe nne yapakwa unga wa sukari. Haina samli. Halua yetu ukiitoa samli yabaki gundi.

Mpenda_Halua:
Wanga hapa na pale, sukari hapa na pale. Ni ndugu.

Kipanga_Tudor:
Ndugu wa mbali. Hawarithiani.

Mwalimu_Mstaafu:
Kabla hamjapigania urithi: kitabu kilitoka 1950, na Uingereza wakati huo peremende ziligawiwa kwa kadi tangu vita, hadi Februari 1953. Mtoto aliyekisoma kilipotoka hakuhitaji kuelezwa kwa nini Edmund alishindwa kujizuia. Na wale wanne wako kwenye jumba la profesa kwa sababu London ilikuwa ikipigwa mabomu, si kwamba walikwenda likizo.

Bi_Kikowani:
Ahsante mwalimu. Mimi kitu kimoja hakijanitoka hadi leo. Bwana Beaver na mkewe ni wanyama, wasema, bibi hata cherehani anayo. Lakini wawakaribisha wageni kwa samaki wa kukaanga. Sasa samaki hana lake la kusema?

Ami_wa_Majengo:
Bi Kikowani, hapo umenigusa pabaya. Sikukusudia kuandika leo.

Kule kuna wanyama wa kawaida na kuna wale waliopewa kusema. Wa kawaida waliwa. Anayesema, kumla ni kuua mtu. Haya yote nilikuwa sijayatia maanani mpaka nilipofika The Silver Chair, kile cha 1953. Watoto wawili, Eustace na Jill, pamoja na yule mwenzao wa kinamasi, Puddleglum, wamekaribishwa kwenye ngome ya majitu. Wapewa nyama baridi ya kulungu, tamu, waila. Katikati ya kula wasikia jitu moja likimweleza jingine kwamba yule kulungu aliomba asiuawe, akasema nyama yake ni ngumu, hawataipenda. Kumbe alikuwa msemaji. Jill ni mgeni kule, amwonea kulungu huruma tu. Eustace amewahi kuwa na rafiki mnyama msemaji, yeye aona wameua. Puddleglum ni mwenyeji: yeye ni kama aliyeambiwa amekula mtoto mchanga.

Mimi nasoma hayo Majengo, na nyuma ya nyumba mbuzi wa Idi amefungwa kwenye mti wa mwarobaini.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, kama wasema, sema sasa, watu wamelala, mimi nitakufungulia. Akanitazama na yale macho yao ya mlazo, akatafuna. Usiku uliofuata nikarudi. Nikambadilishia lugha, nikamjaribu Kiingereza, maana kitabu ni cha Kiingereza. Akalia "mee" moja ndefu. Sasa hiyo ni jibu ama si jibu? Nililala na hilo swali.

Siku yenyewe, watu wametoka kuswali, baba na ami zangu wamekunja mikono, kisu kimenolewa, mimi nikajipenyeza mbele nikapaza sauti: "Sema! Ni sasa! Wambie nyama yako ngumu!" Jamaa wote kimya. Kisha ami mmoja akacheka mpaka akakaa chini, akamuuliza baba huyu mtoto mmempa nini? Baba akaniondoa kwa sikio.

Mchana sinia la pilau likaja, maini wakanitilia mimi kama kawaida. Sikugusa. Mama akasema nina homa. Nyanya ndiye aliyeelewa, sijui alielezwa na nani. Akaniinamia akaninong'oneza: "Yule hakuwa msemaji. Nilimuuliza mimi alfajiri, kwa Kimvita." Nikala mchuzi. Nyama sikuila mpaka Idi nyingine.
Sasa nala. Lakini bado nawauliza kwanza.

Shangazi_Ganjoni:
Kwa Kimvita!! Allah amrehemu nyanya kama hayuko.

Tuktuk_Nyali:
Nimeegesha kando nimalize kusoma. Abiria ateta, na namsomea yeye pia.

Ndugu_Mwaminifu:
Samahanini, mwacheka, lakini hapa pana hatari. Mtoto wa Kiislamu afikia kuongea na mbuzi wa kuchinja kwa ajili ya vitabu vya uchawi. Mnyama kusema ni ushirikina. Binti Mvita, mnyang'anye kijana.

Bi_Kikowani:
Ndugu, wewe Surat An-Naml waisoma vipi? Chungu amewaambia wenzake ingieni majumbani mwenu, Suleiman na majeshi yake wasije wakawaponda. Na ndege hud-hud je, aliyeleta habari za malkia wa Sabaa? Alipiga mbinja?

Ndugu_Mwaminifu:
Ule ni muujiza wa Nabii. Huyu simba ni mafumbo ya Kikristo, afa badala ya mwenye dhambi kisha afufuka. Kataa.

Mwalimu_Mstaafu:
Hakatai mtu. C. S. Lewis alikuwa Mkristo na aliandika akijua anachofanya. Mzazi amweleze mtoto hivyo kwa kituo, kisha wazungumze. Kitabu ukikificha ndipo kinaposomwa kwa tochi.

Mchangamwe:
Mimi ni Mkristo, na nilikuwa nimekimaliza zamani ndipo padri akatuambia simba ni Yesu. Kwangu alikuwa simba.

Shangazi_Ganjoni:
Halafu mwasema kana kwamba wanyama kusema kulianza na Mzungu. Kisa cha papa aliyempandisha kima mgongoni ampeleke baharini akatolewe moyo, kima akamwambia moyo nimeuacha mtini, hicho ni chetu. Edward Steere alivichapisha London 1870 pamoja na kile cha paa wa Sultani Darai, na vilikuwa vyasimuliwa kabla yake. Na yule paa ndiye aliyeniliza mimi kuliko Aslan. Amemchukua masikini anayechakura jaani, akamuoza binti sultani, akamtia kwenye jumba, siku anaugua yule bwana hata uji mzuri hampi. Simba afufuka. Paa harudi.

Kipanga_Tudor:
Na bwana aamka asubuhi yuko jaani tena. Safi.

Mtoto_wa_Kibokoni:
Nyinyi mwalia na mbuzi na paa. Sikizeni langu.

Nyumba ya nyanya, Mji wa Kale, haikuwa na kabati la mtu kuingia. Ilikuwa na kasha, yale ya kale ya mbao nzito na misumari ya shaba, latiwa leso na udi. Mdogo wangu nilikuwa nimemsomea zile sura za mwanzo, Lucy apenya kwenye makoti mpaka akasikia theluji miguuni. Siku ya harusi ya khaloo nyumba imejaa, ngoma chini, mapishi juu, kijana akatoweka. Tukatafuta vyumbani, darini, vichochoroni. Baba akateremka mbio hadi ngazi za Bandari ya Kale kutazama majini. Mama akaangua kilio, mwanamke mmoja akamwambia usilie siku ya harusi utaleta mkosi, nusura washikane. Msikitini wakatangaza kwa kipaza sauti: mtoto wa kiume, kanzu nyeupe.

Muda wote huo vikongwe watatu wamekaa juu ya kasha watafuna tambuu. Mmoja akasikia agongwa kutoka chini. Akanyamaza. Akagongwa tena, na sauti ikasema: "Nifungulieni, hamna theluji."

Yule bibi aliruka na tambuu mdomoni. Ayatul Kursi ikaanza kwa sauti, wenziwe wakadakia, na hakuna aliyethubutu kugusa kifuniko mpaka aitwe shehe, kwa sababu kila mtu nyumbani alijua kasha lile lina wenyewe. Baba ndiye aliyefungua. Kijana alikuwa amerowa chapachapa, midomo imekauka, leso ya harusi mkononi. Komeo lilikuwa limejiangukia. Kilichomwokoa ni mchwa: upande wa ukutani walikuwa wamekula tundu laingia ngumi. Baba akamkumbatia, akampiga, akamkumbatia tena. Mimi nikapigwa tu.

Tuktuk_Nyali:
Abiria ashuka lakini ataka kujua harusi iliendelea?

Mtoto_wa_Kibokoni:
Iliendelea. Kasha halikukaliwa na mtu tena.

Kipanga_Tudor:
Mwandishi msimlaumu. Kitabu chenyewe chasema zaidi ya mara moja kwamba ni upumbavu kujifungia ndani ya kabati. Lucy auacha mlango wazi makusudi.

Bi_Kikowani:
Na Edmund aufunga, na Narnia aingia vile vile. Mtoto amsikiza nani hapo? Ng'oeni makomeo, wenye makasha.

Mpenda_Halua:
Ama mtie kufuli kabisa, ufunguo uvae shingoni.

Mkwe_wa_Kuze:
Hamjanipa nafasi. Mimi nilivipenda vyote hadi The Horse and His Boy, cha 1954. Farasi msemaji, Bree, mwenye majivuno, nampenda. Lakini wabaya ni akina nani? Watu wa jangwani, weusiweusi, vilemba, panga za kupinda, wanunua watumwa. Nikainua macho nikamtazama babu na kilemba chake, anywa kahawa.

Mchangamwe:
Lakini Aravis, yule msichana, ni wa huko huko na ni shujaa kuliko wote.

Mkwe_wa_Kuze:
Atoroka kwao ndipo akawa shujaa. Fikiria hapo.

Ndugu_Mwaminifu:
Nilisema.

Mkwe_wa_Kuze:
Wewe ulisema mbuzi. Mimi sikusema asisome. Asome, kisha amuulize babu yake.

Mwalimu_Mstaafu:
Kuhusu mpangilio: The Magician's Nephew kilitoka 1955 ila kinasimulia mwanzo wa nchi yenyewe, wanyama wapewa ulimi humo, na hata mbao za lile kabati zatokana na mti wa humo. Makusanyo mengi ya sasa hukiweka cha kwanza.

Kipanga_Tudor:
Makosa hayo. Ukishajua kabati limetoka wapi, utashangaa nini ukilifungua? Afuate vilivyotoka.

Shangazi_Ganjoni:
Mimi nilianza na cha mwisho, punda aliyevishwa ngozi ya simba. Nikaelewa yote.

Kipanga_Tudor:
Hukuelewa chochote.

Ami_wa_Majengo:
Aanze popote, ila kile cha majitu, kama Idi iko karibu, kirukeni.

Tuktuk_Nyali:
Idi ipi? Ile ndogo haina mbuzi.