Dodoso gani linatenganisha aina za sonona?

Tabibu_Kanda: Wakuu, kituoni tunapima sonona kwa PHQ-9, dodoso la maswali 9 ambalo mgonjwa anajijazia. Mgonjwa mmoja anapata 17, hali chakula wala halali usingizi. Mwingine 17 hiyohiyo, lakini analala kutwa na anakula mfululizo. Mnawatenganishaje? Na kipimo cha damu cha deksamethasoni (dawa inayotakiwa kushusha homoni ya kotisoli), kinafaa?

Saikolojia_Tiba: PHQ-9 inapima uzito wa ugonjwa kwa wiki mbili zilizopita, aina haikupi. Tazama swali la 3: kukosa usingizi *au* kulala mno. La 5: kukosa hamu ya kula *au* kula kupita kiasi. La 8: kuzubaa *au* kuhangaika. Hali mbili zinazopingana zinaingia kwenye alama moja. Kila anapojibu hayo matatu, muulize ni upande upi, uandike pembeni ya alama.

Anayeamka mapema mno, akitangulia kawaida yake kwa muda wa saa mbili au zaidi, asubuhi ndiyo mbaya kuliko jioni, amekonda, anajilaumu kupita kiasi, na hata habari njema haimchangamshi: fikiria sonona ya aina ya melankolia. Mtazame pia anavyokaa na anachukua muda gani kabla ya kujibu; dodoso la kujijazia halioni hayo. Anayechangamka akipata jambo zuri, lakini analala saa 10 au zaidi kwa siku, anaongezeka uzito, mikono na miguu mizito kama risasi, na kukataliwa kidogo tu kunamvunja: hiyo ni sonona ya atipiko (isiyo na sura ya kawaida).

Mama_Wodi: Naongeza: kabla ya yote hayo, tafuta baipola (ugonjwa wa vipindi vya huzuni na vya uchangamfu uliopitiliza), maana hapo kosa lina gharama. Dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha mgonjwa kwenye mania, yaani huo uchangamfu uliopitiliza. Tumia MDQ, dodoso la kuchuja baipola: maswali 13, "ndiyo" 7 au zaidi, dalili kadhaa ziwe zilitokea kipindi kimoja na zilileta shida ya wastani au kubwa. Wengi wanasahau masharti hayo mawili ya mwisho, wanahesabu "ndiyo" tu. Na muulize ndugu anayeishi naye. Mgonjwa aliyezama kwenye huzuni mara nyingi hazioni siku zile za kutolala na kutumia fedha ovyo kuwa ugonjwa.

Maabara_Pwani: Kuhusu deksamethasoni: miligramu 1 saa 5 usiku, kesho yake kotisoli inapimwa, ikizidi mikrogramu 5 kwa desilita, haikushuka, na jibu hilo linaitwa "chanya", yaani linaelekeza kwenye melankolia. Wenye melankolia wengi wanatoka kawaida kabisa, na anayetumia rifampisini, fenitoini au kabamazepini anaweza kutoka "chanya" bure kwa sababu ini linaiondoa deksamethasoni haraka. Usimlipishe mgonjwa. Hiyo fedha ipime TSH (homoni inayoonyesha kazi ya tezi ya shingoni) na hemoglobini. Tezi iliyolegea na upungufu wa damu vinafanana sana na sonona.

Tabibu_Kanda: Nimeelewa, asanteni. Jumla ya PHQ-9 ikiwa ndogo lakini swali la 9, la mawazo ya kufa au kujiumiza, lina alama?

Saikolojia_Tiba: Hata alama 1 tu, usimwachie aondoke. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, ana mpango gani, na nyumbani kuna dawa za shamba au vidonge. Jumla haina kazi hapo.