MIT, Apache 2.0 au GPLv3? Nimekwama kwenye suala la hataza

Mbanaji (mleta uzi)
Wakuu, naombeni ushauri. Nina maktaba ndogo (msimbo wa kutumiwa ndani ya programu nyingine) ya kubana picha. Wachangiaji tuko wanne, na mmoja wetu ameajiriwa na kampuni kubwa yenye hataza (patent, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi) nyingi. Msimbo uko wazi mtandaoni lakini hatukuweka leseni yoyote. Juzi mtu kaniuliza kama anaruhusiwa kuutumia, nikakosa jibu.

Nilivyoelewa kuhusu leseni hizi tatu za programu huria: MIT ni aya chache na kila mtu anaijua. Apache 2.0 ni ndefu, ila inataja hataza. GPLv3 inamtaka anayesambaza programu atoe na msimbo chanzo wake. Moyo unanituma MIT. Nakosea wapi?

fundi_nati
Bila leseni haki zote bado ni zenu, kwa hiyo huyo jamaa alifanya vizuri kuuliza. Weka MIT ulale. Leseni ndefu hakuna anayezisoma.

Kurunzi
Fundi, usimlaze mtu mapema hivyo. Hakimiliki inalinda programu kama ilivyoandikwa. Ukiandika yako kuanzia mwanzo bila kunakili, umepona. Hataza inashika mbinu yenyewe. Unaweza kuandika kila mstari kwa mkono wako na bado ukashtakiwa, hata kama hukuwahi kusikia kwamba hataza hiyo ipo.

Na mleta uzi yuko kwenye kubana picha, uwanja ule ule uliowaunguza watu wa GIF. GIF, aina ya faili la picha, ilitoka 1987 ikitumia mbinu ya kubana iitwayo LZW, watu wakaizoea kama mali ya wote. Mwisho wa 1994 wakatangaziwa kwamba wanaotengeneza programu za GIF wanapaswa kupata leseni, maana kampuni ya Unisys ilikuwa na hataza ya LZW. Hasira ile ndiyo iliyozaa PNG, aina nyingine ya faili la picha. Hataza ya Marekani ilikuja kuisha 2003.

MIT haitaji hataza hata kwa neno moja. Wapo wanasheria wanaosema ruhusa ya kutumia na kuuza iliyomo inabeba hataza kimyakimya. Huenda, lakini mimi nisingependa kumweleza hakimu habari za kimya. Apache 2.0, ya 2004, imeandika wazi kwenye kifungu cha 3: kila mchangiaji anatoa ruhusa ya hataza zake zinazoguswa na mchango wake. Na ukifungua kesi ukidai programu hiyo inavunja hataza yako, ruhusa ya hataza uliyopewa inakatika tangu siku ya kufungua kesi. Mkiwa na mtu wa kampuni kubwa ndani ya nyumba, hicho ndicho kifungu mnachokihitaji.

BintiKodi
Kabla ya yote: huyo mwenzenu anachangia kwa idhini ya nani? Kama mkataba wake wa kazi unasema anachoandika ni cha mwajiri, hana hataza wala hakimiliki ya kuwapa, muweke leseni gani sijui. Apate ruhusa ya maandishi. Nimewahi kuona mradi ukifuta kazi ya miezi ya mtu mmoja kwa sababu hii tu, na alikuwa mchangiaji mzuri kweli.

mzee_wa_terminali
Mbona GPLv3 mnairuka kama dimbwi? Nayo ina hataza, kifungu cha 11. Novemba 2006 Microsoft na Novell, wauzaji wa Linux, walipatana, Microsoft ikaahidi kutowashtaki wateja wa Novell kwa hataza zake. Waliochukua Linux kwingine je? GPLv3 ilipotoka 2007 ikaja na masharti ya kuzuia mapatano ya namna hiyo.

fundi_nati
Mzee, GPL kwa maktaba? Wenye programu zilizofungwa, wasiotoa msimbo wao, hawataigusa.

mzee_wa_terminali
Ndiyo maana yake. Anayetaka kufaidi naye atoe. Ila nakubali kwamba kama mleta uzi anataka ienee kila mahali, Apache inamfaa zaidi. Ajue jambo moja: Apache 2.0 inaingia ndani ya mradi wa GPLv3 bila shida, lakini FSF (Free Software Foundation, wenye GPL) wanasema haipatani na GPLv2, toleo la kabla yake, na sababu mojawapo ni hicho hicho kifungu cha hataza mnachokisifu.

Kurunzi
Kweli. Watu wa lugha ya programu ya Rust wamezoea kutoa zote mbili, MIT au Apache, mpokeaji achague.

BintiKodi
Na mgomvi atachagua MIT, ambayo haina kipengele cha kumkatia kitu!

Halafu tusimdanganye mleta uzi. Leseni zote hizi zinawafunga waliochangia na wanaopokea. Mtu wa nje anayeishi kwa kushtaki hajachangia chochote, hazimhusu. GNOME, mradi wa programu huria, walishtakiwa 2019 na kampuni ya Rothschild Patent Imaging kwa sababu ya Shotwell, programu ya kupanga picha. Walipambana, yakaisha kwa makubaliano 2020. Ugomvi huo leseni haiumalizi, ni wa sheria zenyewe. Bunge la Ulaya lilikataa mswada wa hataza za programu Julai 2005, kura 648 kwa 14. Marekani, kesi ya Alice ya 2014 ilibana hataza za mawazo tu yaliyovishwa kompyuta. Hata hivyo bado zinatolewa.

fundi_nati
Haya, nimeelimika. Ila faili langu la leseni litabaki fupi.

Mbanaji
Asanteni sana wakuu. Nimewaandikia wenzangu watatu kupendekeza Apache 2.0, maana bila idhini ya kila mmoja siwezi kuweka leseni juu ya kazi yake. Wawili wamekubali ndani ya saa moja. Wa tatu, yule wa kampuni kubwa, anasubiri barua ya mwajiri, na ndiye aliyeandika kitanzi chote (loop, msimbo unaojirudia) cha kubana. Nimeanza kukisoma upya nione kama naweza kukiandika mwenyewe, kisha nikakumbuka maneno ya Kurunzi nikafunga faili.