Jina la marehemu mwenyekiti kwenye barabara ya mtaa, Ujiji

Mwana Ujiji: Wakuu, mtaro unaotuokoa masika aliusimamia marehemu mwenyekiti wetu, leo vijana hawamjui. Livingstone ana mnara hapa, mzee hana hata kibao. Barabara ipewe jina lake, tunaanzia wapi?

Mtendaji Mstaafu: Mkutano wa mtaa, ndugu. Muhtasari utaje alifanya nini, wapi, mashahidi ni nani. Ambatanisha mahudhurio yenye saini. Kisha kamati ya maendeleo ya kata, halafu baraza la madiwani. Wengi hukwamia kwenye "alikuwa mtu wa watu". Huo si ushahidi! Tafuteni daftari la michango ya mtaro. Familia iridhie kwa maandishi. Hakikisheni jina halijatumika jirani, anwani za makazi zitagongana.

Fundi Zege: Kibao cha jina kikiwa cha bati, huanza kutu kwenye matundu ya misumari. Mwageni zege: saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 3. Maji yakizidi, litapasuka. Herufi zichorwe likiwa bichi, rangi peke yake hupauka. Lifunikeni magunia, mwagilieni siku 7.

Mwana Ujiji: Shukrani wakuu. Daftari analo mweka hazina wa zamani, tunamfuata.