Wakuu, hofu ya uhalifu mtaani inapimwaje? (Mtwara mjini)

Kiberiti_Ngoma
Wakuu habari za jioni. Kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa mmoja hapa Manispaa ya Mtwara Mikindani, kaya kama 600 hivi, inataka kujua wakazi wanauonaje usalama wa mtaa. Pendekezo lililopo mezani ni kuuliza kwenye mkutano wa mtaa, watu wanyooshe mikono: "Je, uhalifu umezidi?" Rasimu nyingine imechanganya kila kitu kwenye karatasi moja: vibaka, kuvunja nyumba, bangi kijiweni, muziki wa baa, bodaboda wanaoshindana usiku, ngoma. Bajeti ni ya karatasi na nauli za wahojaji wanne. Tuhoji kaya ngapi, tuulize vipi, na majibu yatumike vipi bila watu kusema tunawachongea polisi?

Fundi_Takwimu
Mkuu, la mikono liacheni. Mzazi wa kijana wa kijiweni amekaa benchi la mbele, nani ataunyoosha wake? Na wanaotoka alfajiri kuwahi samaki feri, ambao wengi ni kina mama, mbele ya wazee na waume zao watakaa kimya. Mtaondoka na hesabu ya wenye sauti kubwa.

Idadi sasa. Kwa kaya 600, mkitaka kosa (tofauti kati ya majibu ya mliowahoji na ya mtaa mzima) lisizidi asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, mnahitaji kaya 234. Mkiridhika na asilimia 10, kaya 83 zinatosha. Kwa bajeti yenu nenda na hiyo ya pili. Chukueni kila kaya ya sita: chaguo la kwanza lipatikane kwa kura kati ya 1 na 6, kisha ongezeni 6, 6, 6 mpaka mwisho wa orodha. Mtapata 100, na hata wengine wasipopatikana mtabaki na 83 au zaidi. Mhojaji mmoja akifanya sita kwa siku bila kukimbizana, wanne wanamaliza kwa siku tano.

Tahadhari: 83 ni za kusemea mtaa mzima tu. Ukizigawa wanawake na wanaume, kila upande unabaki na watu 40 na kitu, na kosa linapanda hadi kama asilimia 15. Hapo usije ukaandika "wanawake wanaogopa zaidi" kwa tofauti ya asilimia 8.

Kosa linaloharibu kazi nyingi za namna hii ni kuhesabu nyumba badala ya kaya. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati inaweza kuwa na kaya nne, kila moja na sufuria yake. Ukigonga mlango wa mbele atatoka mwenye nyumba, na ndiye utakayemhoji kila mara. Mpangaji wa chumba cha uani, ambaye choo kiko nje na ndiye anayetoka gizani, hutamsikia kamwe. Kwa hiyo kwanza pitieni mtaa mzima, mwandike kaya moja moja kwa namba, ndipo mchague. Ndani ya kaya msimhoji aliyefungua mlango. Mhojini mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo inayofuata. Asiyejua tarehe yake (wazee wengi hawajui), basi pigeni kura ya vijiti.

Na saa. Mkienda saa 4 asubuhi mtakuta kina mama na wazee, na wavuvi wamelala. Nendeni saa 10 jioni hadi saa 12, na Jumapili. Ijumaa mchana hesabuni haipo.

Mwali_wa_Shangani
Nakazia hapo kwa Fundi. Wahojaji wawili wawe wanawake, na wasiwe wajumbe wala mgambo. Mtu akihojiwa na mjumbe wake wa nyumba kumi atasema mtaa shwari, maana anajua kesho barua ya utambulisho inaanzia kwa huyo huyo.

Swali la "uhalifu umezidi?" ni bovu mara mbili. Kwanza, kuzidi kuliko lini? Pili, limeshamtia jibu mdomoni. Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni ya wananchi Afrika, ambao kwa Tanzania hufanya kazi na taasisi ya utafiti ya REPOA, huuliza ni mara ngapi katika mwaka uliopita wewe au mtu wa familia yako alihisi hayuko salama akitembea mtaani, na swali la pili huuliza juu ya hofu ya uhalifu ndani ya nyumba. Ni maswali mawili kwa sababu ni hofu mbili. Mtu anaweza kupita kijiweni saa 3 usiku bila wasiwasi, lakini dirisha lake halina nondo na hapati usingizi.

Mimi ningeongeza mahali na saa. "Baada ya saa 1 usiku, kuna njia ya mtaa huu uliyoacha kupita? Ipi? Kwa sababu gani?" Hapa kwetu saa 1 jua limeshazama mwaka mzima, kwa hiyo swali linaeleweka Juni na Desemba sawasawa. Jibu la swali hili lina uzito kuliko "naogopa sana", kwa kuwa linaonyesha hofu imembadilishia mtu nini. Anayezunguka dakika kumi zaidi kukwepa uchochoro wa mikorosho amekupa ramani.

Kwa matukio yenyewe wekeni mpaka wa kumbukumbu. Ukisema "miezi 12 iliyopita", mtu atakuletea jenereta iliyoibwa miaka mitatu nyuma, maana jambo lililomuuma hulikumbuka kama la juzi. Semeni "tangu minada ya korosho ya mwaka jana ilipoanza".

Mzee_wa_Kata
Vijana mmesema vyema. Niongeze la kero, ndipo rasimu ilipovurugika.

Uingereza wana sheria ya mwaka 2014 inayohusu tabia za kero na uhalifu pamoja, na neno lao moja (anti-social behaviour) linabeba kuanzia kelele hadi vitisho. Sisi hatuna neno moja la kila siku lenye mipaka hiyo. Ukiandika "tabia mbaya mtaani", mmoja atakujibu bangi, mwingine atakujibu sketi fupi. Orodhesheni matendo, si watu. "Vijana wa kijiweni" si tendo. "Kuitwa au kushikwa mkono ukipita kijiweni" ni tendo. Mkikosea hapo, dodoso lenu litatumika kukusanya watoto wa watu kwa uzururaji, na nusu yao walikuwa wanacheza bao.

Kila tendo liwe na maswali matatu tu: umeliona au limekupata? mara ngapi? uliripoti wapi: kwa mjumbe, mwenyekiti, polisi, au hukuripoti? Hilo la mwisho msilikate hata karatasi ikijaa. Kuku wawili na mtungi wa gesi mdogo watu hawavichukulii RB (namba ya ripoti ya polisi), kwa sababu bodaboda ya kwenda na kurudi kituoni nayo ni gharama. Ndiyo maana kitabu cha kituo kinaweza kuonyesha mtaa umetulia na wakazi wakakuambia umechafuka, na wote wawili wakawa wakweli.

La msimu pia. Mkihoji Novemba, pesa ya korosho iko mjini: baa zinakesha, simu na pikipiki mpya zimejaa, na kaya nyingine zimekwenda mashambani Newala na Tandahimba, nyumba zimebaki na kufuli. Mkihoji Mei ni mtaa mwingine. Ulizeni mara mbili, maswali yale yale, neno kwa neno. Mara moja peke yake haiwezi kuwaambia kama "umezidi".

Ila ngoma ya unyago msiiweke mstari mmoja na spika za baa. Ile ina wenyewe, ina siku zake, na majirani huarifiwa.

Mwali_wa_Shangani
Shikamoo Mzee. Kwa heshima, hapo sikubaliani. Mgonjwa na mtoto mchanga hawatofautishi ngoma na spika saa 8 usiku. Dodoso lisiamue kipi ni mila na kipi ni fujo. Liulize: kelele ya nini, ilianza saa ngapi, iliisha saa ngapi, usiku mmoja au siku tatu mfululizo. Huenda ikaonekana ngoma haimkeri mtu na baa ndiyo tatizo. Acheni wakazi waseme.

Mzee_wa_Kata
Marahaba binti. Iwe kwa saa basi, siyo kwa jina. Nimekubali.

Taa_Moja
Mkishapata njia zinazokwepwa, zipitieni kwa miguu saa 1:30 usiku, watu sita hadi wanane, nusu wanawake, na tochi zizimwe. Kila palipotajwa na watu watano au zaidi pewe ukurasa wake. Pimeni kwa hatua kutoka taa moja inayowaka hadi nyingine. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 70, hivyo hatua 100 ni mita 70 za giza. Andikeni taa ipi imekufa na ipi inafunikwa na mwembe, kwa sababu matengenezo yake si mamoja: ya kwanza inataka fundi, ya pili inataka panga. Kwenye viwanja visivyojengwa kipimo cha kawaida ni kichaka kisizidi mita 1 na matawi yaanzie mita 2, ili mtu aone mwenzake aliyesimama nyuma ya kichaka. Msiishie kufyeka mwezi mmoja. Baada ya masika kimerudi kiunoni.

Kuhusu kuchongea: kwenye karatasi wekeni namba ya kaya tu, bila jina wala simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, karatasi yenye jina inayosema "jirani yangu anauza gongo" ni vita. Mhojiwa akianza kutaja majina, mhojaji aweke kalamu chini na amweleze kuwa taarifa hiyo inapelekwa polisi, 112, si hapa. Akitaja kipigo cha ndani ya nyumba au jambo la mtoto, asiliandike. Ampe maelekezo ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au 116 kwa mtoto. Wahojaji wafundishwe hili kabla ya siku ya kwanza, maana mlango wa pili au wa tatu litatokea.

Kiberiti_Ngoma
Nimewapata wakuu. Moja la mwisho: ile orodha ya kaya na namba zake akae nayo nani? Mwenyekiti anaitaka ofisini.

Fundi_Takwimu
Asikae nayo ofisini. Orodha ikikaa kabati moja na karatasi za majibu, namba zimegeuka majina. Mpeni mtu mmoja asiye kiongozi, na siku mnayomaliza kurudia kaya zilizokosekana ichomwe mbele ya kamati. Kwa duru ya pili mtaandika orodha mpya. Kwa hali ya wapangaji wa Mtwara, ya zamani ingekuwa imeshapitwa.